Stempu za Mwanzo za Amerika ya Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Halisi na Bandia

Maombi mengi huja kwa sura moja: picha ya simu yenye kivuli cha kidole, na chini yake maneno mawili tu, "Ni orijino?" Majibu haya yamekusanywa kwa ajili ya wanaouliza hivyo, na pia kwa wale ambao wameshaanza kununua na sasa wana wasiwasi. Yanahusu stempu za kati ya mwaka 1843 na miaka ya 1890 hivi, zile ambazo bei yake inaweza kumfanya mtu akope.

Nikikutumia picha, unaweza kuniambia kama stempu ni halisi?

Kuna mara naweza kusema ni bandia. Kusema ni halisi kwa picha, hapana, na anayekuambia anaweza ana chake anachokiuza. Picha inaonyesha mchoro, na mchoro ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Haionyeshi kama wino umeinuka juu ya karatasi, karatasi ina unene gani, au nyuma pamekwanguliwa. Ukiwa na skana, skani pande zote mbili kwa nukta 1,200 au zaidi kwa inchi. Hapo angalau tuna cha kuzungumzia.

Kwa nini stempu za huko zilighushiwa mno?

Angalia mambo yalivyokuwa. Katika miaka ya 1860 kukusanya stempu kulishakuwa homa Ulaya, na albamu zilizochapwa zilikuwa na nafasi tupu kwa kila nchi. Mtoto wa Hamburg au Paris alitaka kuijaza nafasi ya Bolivia, lakini stempu ya Bolivia haikupatikana dukani. Mchapaji mwenye jiwe na wino akaona biashara. Isitoshe, stempu nyingi za Amerika ya Kusini zilitengenezwa papo hapo, Bogotá, Montevideo, La Paz au Quito, kwa vifaa vilivyokuwepo. Za kwanza za Ecuador, zilizotoka mwaka 1865, zilichongwa na mwanamke wa Quito, Emilia Rivadeneira. Za Uruguay za mwaka 1856, zenye uso wa jua, zilichapwa kwa jiwe Montevideo. Kazi hizi zina uzuri wake, ila hazina ulinzi wa kiufundi kama wa noti ya benki, na wanunuzi wa Ulaya hawakuwa wamewahi kuona moja halisi ili walinganishe. Bandia ikawa ndiyo sura waliyoizoea.

Nianze kukagua wapi?

Usianze na picha. Anza na namna stempu ilivyochapwa. Hili ndilo jambo moja ambalo ningependa kila mkusanyaji alijue kabla hajafungua pochi.

Namna zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni bamba la chuma lililochongwa kwa ndani: wino unakaa ndani ya mifereji, karatasi inakandamizwa kwa nguvu, na wino unatoka umeinuka kama kigongo chembamba. Ya pili ni herufi na picha zilizoinuka, kama gazeti la zamani: wino husukumwa pembeni na kufanya ukingo mzito kuzunguka mstari, na nyuma ya karatasi unaweza kuona au kuhisi mbonyeo. Ya tatu ni uchapaji wa jiwe, yaani lithografia: wino umelala bapa, hakuna mwinuko wala mbonyeo.

Waghushi wengi wa karne ya 19 walitumia jiwe kwa sababu ni la bei nafuu na rahisi kurudia. Kwa hiyo, stempu ambayo ilipaswa kuchapwa kwa bamba la kuchongwa na imelala bapa chini ya lenzi, kesi imekwisha hapo hapo. Huna haja ya kuhesabu nywele za mtu pichani.

Ugumu unakuja pale ambapo stempu halisi nayo ni ya jiwe, kama za Uruguay, za Colombia za mwaka 1859, na nyingi za Venezuela. Hapo kipimo cha uchapaji hakikuokoi, na itabidi uende kwenye dosari ndogo ndogo za kila jiwe. Nitazigusa mbele.

Nahitaji vifaa gani? Mashine ghali sina.

Lenzi ya kukuza mara 10, kibanio cha stempu chenye ncha bapa, taa ya mezani unayoweza kuilaza pembeni, na taa ndogo ya urujuanimno kama ile ya kukagulia noti. Hivyo vinatosha kuondoa bandia nyingi mno.

Taa ya mezani ilaze hadi mwanga uipite stempu kwa ubavu. Wino ulioinuka utatupa vivuli vidogo. Njia nyingine ya wazee wa fani hii: weka kipande cha karatasi ya fedha, ile nyembamba ya pakiti ya sigara, juu ya stempu, kisha sugua taratibu kwa tumbo la kidole. Kwenye stempu ya bamba la kuchongwa, mistari itaanza kujitokeza kwenye ile karatasi. Kwenye ya jiwe hutaona kitu. Usisugue kwa kucha, na usifanye hivyo kwa stempu ya mtu mwingine.

Taa ya urujuanimno inafanya kazi mbili. Karatasi za kuanzia miaka ya 1950 hivi mara nyingi zina kemikali za kung'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka weupe wa bluu. Stempu ya mwaka 1856 haina sababu ya kuwaka hivyo. Kazi ya pili ni kufichua maandishi ya kalamu yaliyosafishwa, maana mabaki ya wino wa zamani wenye chuma huonekana meusi hata kama macho ya kawaida hayaoni chochote.

Na ukiona chini ya lenzi kwamba rangi imejengwa kwa nukta zilizojipanga safu kwa safu, au vitone vya printa ya wino, funga kitabu. Katikati ya karne ya 19 hakukuwa na stempu ya namna hiyo.

Nina "Jicho la Ng'ombe" la Brazil. Nitajuaje?

Hongera kama ni kweli. Olho-de-boi, kama zinavyoitwa kwa Kireno, zilitoka tarehe 1 Agosti 1843, thamani tatu: réis 30, 60 na 90. Uingereza ilikuwa imeanza mwaka 1840, jimbo la Zürich likafuata mwanzoni mwa 1843, na Brazil ikawa nchi ya kwanza ya bara la Amerika kutoa stempu za taifa zima. Uso wa mfalme Pedro II haukuwekwa. Palikuwa na hoja kwamba sura ya mfalme haifai kugongwa mihuri. Badala yake ziliwekwa tarakimu kubwa juu ya mchoro wa duara-yai uliojaa mistari myembamba iliyopishana, bila hata jina la nchi.

Zilichapwa Casa da Moeda, kiwanda cha serikali cha kutengeneza fedha, Rio de Janeiro, kwa bamba la kuchongwa, wino mweusi, bila matundu ya ukingoni na bila alama ya maji, yaani alama iliyofichwa ndani ya karatasi. Sasa chukua lenzi. Tazama ile mistari ya nyuma ya tarakimu. Kwenye halisi, ni kazi ya mashine ya kuchonga michoro ya noti: kila mstari unaanza, unapinda, unapishana na mwenzake na kuendelea safari yake bila kusita, na unaweza kuufuata kwa macho kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mghushi aliyechora kwa mkono hawezi kuvumilia kazi hiyo. Utakuta mistari inayokatika, inayoungana kuwa doa, au inayopotea karibu na tarakimu mahali ambapo aliona hakuna atakayeangalia. Kwenye bandia za jiwe, makutano ya mistari yamejaa wino na kuwa nukta nono.

Angalizo moja: mabamba yalichakaa, na michapo ya mwisho ni ya kijivu, hafifu, na mistari yake imefifia. Hiyo haimaanishi bandia. Lakini hata mchapo hafifu una wino ulioinuka kidogo, na mistari iliyofifia huwa imefifia kwa pamoja, haikatiki hapa na pale.

Pambizo nazo ni hela. Stempu yenye pambizo pana pande zote nne ina bei tofauti kabisa na iliyokatwa hadi kwenye mchoro, kwa hiyo mafundi huunganisha pambizo za karatasi nyingine. Ishike mbele ya mwanga. Kiungo huonekana kama mstari mweusi au mweupe, na unene hubadilika ghafla.

Stempu yangu ya Corrientes ni mbaya kama imechongwa na mtoto. Si lazima iwe feki?

Hapana! Corrientes ndiyo inayowavuruga watu wote waliozoea kufikiri kwamba halisi ni nzuri na bandia ni mbaya.

Mwaka 1856 jimbo la Corrientes, Argentina, lilitaka stempu na halikuwa na mchongaji. Katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, mkuu wake Pablo Emilio Coni akampata kijana Matías Pipet, msambazaji mikate ambaye aliwahi kugusa kazi ya kuchonga. Pipet alipewa kazi ya kuiga stempu ya Ufaransa yenye kichwa cha mungu-jike Ceres. Alichonga vipande vinane kimoja kimoja kwa mkono, na vinane vyote havifanani. Pua hii ndefu, ile fupi, zabibu za kwenye nywele huku nyingi, kule chache, herufi zimeyumba.

Hapo ndipo ulipo ufunguo. Stempu halisi ya Corrientes lazima iwe mojawapo ya sura nane zinazojulikana. Mghushi mvivu alichonga sura moja, akaijaza karatasi nzima. Kwa hiyo ukipewa stempu nne za Corrientes kutoka mkusanyo mmoja na zote zina pua ileile, mkunjo uleule wa nywele na dosari ileile kwenye herufi R, una sababu nzuri ya kuwa na wasiwasi. Tafuta picha za sura nane katika katalogi maalumu, uiweke yako pembeni, na ulinganishe jicho, kidevu na herufi za CORRIENTES moja baada ya nyingine. Kazi hiyo inachukua jioni nzima. Ni jioni nzuri lakini.

Na cha kuchekesha: bandia nyingi za Corrientes zinajulikana kwa sababu ni nzuri kupita kiasi. Mchongaji wa Ulaya alishindwa kushuka hadi kiwango cha Pipet.

Na zile za Bolivia zenye kondori?

Kanuni ni ileile. Bamba la centavo 5 la mwaka 1867 lilikuwa na stempu 72, kila moja imechongwa kivyake, na baadaye bamba likachongwa upya zaidi ya mara moja kadiri lilivyochakaa. Kuna watu wametumia maisha yao kuipa kila stempu nafasi yake kwenye bamba. Kama yako haina nafasi popote, imetoka kwingine. Bandia zake za jiwe ni nyingi mno, na zimelala bapa.

Nimeona stempu ya Buenos Aires imeandikwa "IN Ps". Si kosa la mghushi hilo?

La, ndiyo yenyewe. Stempu za meli ya mvuke za Buenos Aires, barquitos kama wanavyoziita, zilianza Aprili 1858. Mwaka uleule zilihitajika thamani nyingine, na badala ya kuchonga mabamba mapya, mafundi walifuta sehemu ya herufi kwenye mabamba yaliyokuwepo. CINCO (tano) ikabaki IN, CUATRO (nne) ikabaki TO. Kwa hiyo usimdharau muuzaji kwa sababu ya herufi hizo.

Mdharau kwa mambo mengine. Barquitos ni miongoni mwa stempu zilizoigwa mno duniani. Angalia kamba za milingoti, moshi, na mawimbi mbele ya meli. Mghushi huchoka kwenye maji. Pia zipo zilizochapwa upya baadaye kwa mabamba ya kale, ambazo hukumu yake ni nyingine kabisa, tutaifikia.

Kipimo cha alama ya maji kinafaa kwa stempu zipi?

Kwa Chile kwanza kabisa. Stempu zake za kwanza, zenye kichwa cha Columbus, zilitoka tarehe 1 Julai 1853: centavo 5 na centavo 10, zilizochapwa London na Perkins Bacon. Karatasi yake ina tarakimu ya thamani kama alama ya maji. Ilaze stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, dondoshea benzini safi ya kujazia viberiti, na tarakimu itajitokeza. Fanya hivyo dirishani pakiwa wazi, mbali na moto. Maji usitumie.

Chile pia inavunja ile kanuni yangu ya mwanzo, na ni haki kusema. Baadaye uchapaji ulihamia Santiago, mikononi mwa watu tofauti, na mwaka 1854 mmoja wao, Gillet, alihamisha picha ya bamba na kuchapa centavo 5 kwa jiwe. Kwa hiyo ipo centavo 5 ya Columbus iliyolala bapa ambayo ni halisi mia kwa mia. Kinachoitetea ni karatasi na tarakimu ndani yake. Waghushi wa zamani mara nyingi hawakuhangaika na alama ya maji. Waliohangaika waliibonyeza au kuipaka mafuta, na alama ya namna hiyo huwa na kingo kali mno au hutoweka ukiiosha kwa benzini.

Ni akina nani waliozitengeneza hizi bandia?

Ukizijua kazi zao, nusu ya safari umemaliza, kwa sababu bandia nyingi zinatoka mikononi mwa watu wachache.

Ndugu wa Spiro wa Hamburg walianza katika miaka ya 1860. Walichapa kwa jiwe, karatasi ya stempu 25, na hawakujificha: waliziuza kama mapambo ya kujazia albamu. Alama yao kubwa ni muhuri wa posta uliochapwa pamoja na stempu. Ukikuta stempu mbili zenye muhuri wa aina moja uliokaa pembe ileile kabisa, hakuna karani wa posta mwenye mkono wa namna hiyo.

François Fournier wa Genève alikuja baadaye. Mwaka 1904 alinunua mali ya mghushi mwingine, Mercier, akaipanua hadi katalogi yake ikawa na maelfu ya aina. Naye alisema wazi kwamba anauza "nakala", na alijiona anawasaidia maskini wapate kufurahia. Baada ya kifo chake mwaka 1917, chama cha wakusanyaji cha Genève kilinunua mabaki, kikatengeneza albamu za kufundishia mwaka 1928, na kuharibu kilichobaki. Sehemu iliyokuwa imeshauzwa inazunguka hadi leo.

Jean de Sperati ni daraja lingine. Mwitaliano aliyeishi Aix-les-Bains, Ufaransa, alichukua stempu halisi ya bei ndogo ya wakati uleule, akaifuta picha kwa kemikali, akabaki na karatasi halisi, pengine hata muhuri halisi, kisha akachapa juu yake picha ya stempu ghali. Mwaka 1942 forodha ya Ufaransa ilikamata bahasha yake yenye stempu zikienda Lisbon. Wataalamu wakazithibitisha kuwa halisi na akashtakiwa kwa kutorosha mali. Utetezi wake ulikuwa kwamba amezitengeneza mwenyewe. Alitengeneza zaidi ya aina 500, Uruguay na Colombia zikiwemo, na katika miaka ya 1950 chama cha stempu cha Uingereza kilimlipa ili aache na kukabidhi vifaa vyake. Karatasi ya Sperati haikusaidii kumkamata. Wino wake ndio unasaidia: alichapa kwa njia ya picha na jiwe, kwa hiyo stempu iliyopaswa kuinuka imelala. Kwa zile za jiwe tangu mwanzo, tegemeo ni vitone na mikato midogo ya kazi yake, ambayo imepigwa picha na kuchapishwa.

Raoul de Thuin, Mbelgiji aliyekaa Mérida, Mexico, yeye aliacha stempu zenyewe zilivyo na kughushi kilicho juu yake: maandishi ya ziada na mihuri, hasa kwa nchi za Amerika ya Kilatini. Chama cha wakusanyaji cha Marekani kilinunua vifaa vyake katika miaka ya 1960, na vipande vyake vya kuchapia vilizidi 1,600. Hebu fikiria idadi hiyo unaponunua stempu yenye maandishi ya juu "adimu".

Kwa hiyo stempu inaweza kuwa halisi lakini bado nikawa nimepigwa?

Sana, na siku hizi naona hii ndiyo hatari kubwa kuliko bandia zenyewe. Kuna stempu ambazo zikiwa mpya ni za bei poa na zikiwa zimetumika ni adimu. Hapo hugongwa muhuri wa uongo. Kuna zilizotiwa alama ya kalamu enzi hizo kuonyesha zimetumika, jambo la kawaida kwenye posta za mikoani, na fundi akausafisha wino ili aziuze kama hazijatumika. Kuna zilizotobolewa, zikazibwa kwa uji wa karatasi na kuchorwa upya.

Muhuri ukague peke yake. Jina la mji lipo kwenye orodha ya posta za nchi hiyo? Tarehe inaendana na kipindi stempu ilipouzwa? Stempu za majaribio za kampuni ya meli ya Pacific Steam Navigation nchini Peru zilianza Desemba 1857, na rangi nyingi zilizoandaliwa hazikutumika kabisa. Muhuri wa kupendeza juu ya mojawapo ya rangi hizo unajishtaki wenyewe. Kwa stempu iliyo juu ya bahasha, muhuri unapaswa kupita kutoka kwenye stempu hadi kwenye karatasi bila kuruka, wino ukiwa wa aina moja pande zote mbili, na nauli ilingane na safari ya barua.

Iliyochapwa upya ni bandia?

Si bandia, na si halisi ya wakati ule pia. Imetoka kwenye bamba au jiwe la kweli, ila baada ya muda wake, mara nyingi kwa ajili ya wakusanyaji. Tofauti huwa kwenye karatasi, rangi na gundi. Mfano maarufu ni Seebeck wa Hamilton Bank Note Company ya New York. Katika miaka ya 1890 alizipa nchi kadhaa stempu bila malipo, Ecuador ikiwemo, kwa masharti kwamba arudishiwe mabaki na aruhusiwe kuchapa tena kwa faida yake. Ndiyo maana stempu za Ecuador za miaka hiyo zimejaa kila mahali kwa bei ya karanga. Muuzaji akikuambia ni adimu kwa sababu ni za 1892, muombe akueleze ni uchapaji upi.

Nasikia stempu ghali kuliko zote ni ya huko. Inaweza kuwepo nyingine?

Unasema ile ya senti 1 ya British Guiana (leo Guyana) ya mwaka 1856, nyeusi juu ya karatasi ya zambarau-nyekundu. Meli ya stempu kutoka Uingereza ilichelewa, mkuu wa posta akawaagiza Baum na Dallas, wachapaji wa gazeti la serikali mjini Georgetown, wachape za dharura. Kwa kuwa mtu yeyote mwenye mashine ya gazeti angeweza kuiga, makarani waliamriwa kuweka herufi za majina yao juu ya kila moja. Iliyopo ina E.D.W., za karani Wight. Iliokotwa mwaka 1873 na mvulana wa miaka 12, ikauzwa kwa shilingi sita. Mwaka 2014 iliuzwa kwa dola milioni 9.48, na mwaka 2021 kwa milioni 8.3.

Ya pili imedaiwa zaidi ya mara moja. Njia ya kughushi inajulikana: ya senti 4 ya toleo lilelile, karatasi ileile, herufi zilezile, inabadilishwa maneno ya thamani. Mwaka 1999 ilijitokeza moja Ujerumani, ikapelekwa Royal Philatelic Society London, na ikakataliwa mara mbili. Kwa maoni yao ilikuwa ya senti 4 iliyokarabatiwa. Kwa hiyo ukiiona kwenye mtandao kwa dola 300, kunywa maji, lala.

Cheti nikipate wapi, na kinaaminika kiasi gani?

Kwa stempu hizi, Royal Philatelic Society London imekuwa ikitoa maoni tangu 1894. Ipo pia Philatelic Foundation ya New York, na wataalamu binafsi walio katika muungano wa kimataifa wa AIEP, ambamo wapo waliobobea katika nchi moja moja. Uliza gharama kabla ya kutuma. Kwa stempu ya bei ndogo, cheti kinaweza kuzidi thamani yake.

Cheti kisomwe. Linganisha picha iliyo juu yake na stempu uliyoishika: pambizo, mkato wa pembe, mahali mstari wa muhuri unapogusa fremu. Vyeti halali huhamishiwa stempu nyingine. Na soma maneno yaliyoandikwa chini kwa herufi ndogo. "Halisi, imekarabatiwa" na "halisi" zina bei mbili tofauti. Cheti cha miaka ya 1930 ni cha maarifa ya miaka ya 1930.

Ujuzi huu unanisaidia kwa stempu za huku kwetu?

Unasaidia, hasa Zanzibar. Mwaka 1895 stempu za India ziliwekewa neno "Zanzibar" katika ofisi ya Zanzibar Gazette, na makosa ya kupanga herufi yakatoa "Zanzidar" na mengineyo, ambayo wakusanyaji huyalipia vizuri. Maana yake, stempu ya India ya kawaida na neno moja la kuchapa vinatosha kumpa mtu mshahara wa mwezi. Ni mtaji uleule wa de Thuin. Tazama umbo la kila herufi, nafasi kati ya herufi na herufi, na kama wino wa neno hilo uko juu ya muhuri wa posta au chini yake. Ukiwa juu, neno liliwekwa baada ya stempu kutumika.

Nimethibitisha yangu ni bandia. Niitupe?

Usiitupe. Andika nyuma kwa penseli laini "bandia", na jina la aliyeitengeneza kama unalijua, kisha uiweke kwenye ukurasa wake. Bandia za Spiro na Fournier zina wanunuzi wao, na za Sperati zinaweza kukurudishia pesa ya kutosha. Lakini ukimuuzia mtu, muuzie kama bandia na uandike hivyo kwenye risiti. Ukinyamaza, wewe ndiye utakayetafutwa.

Muuzaji anasema hataki kurudisha pesa hata kama wataalamu wataikataa. Ni kawaida?

Kwa stempu ya bei ndogo, ndiyo. Kwa Olho-de-boi au Corrientes, sikushauri. Nyumba nyingi za mnada zenye jina huruhusu ununue kwa sharti la kupata cheti, ukiomba kabla ya mnada na si baada ya nyundo kugonga. Omba kwa maandishi, taja namba ya stempu na chombo kitakachotoa cheti, na subiri wajibu kabla ya kuinua mkono.